Moyo Haufunguliwi Nira

Nyumbani, karibu na Kibabii

Mwanangu Simiyu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba homa ikishuka, ugonjwa umekwenda. Paji la uso likipoa mgonjwa huomba ugali, watu wa nyumbani humshukuru Mungu, na kesho yake mtu huyo anashika jembe. Wengi hawapatwi na lolote, na ndiyo sababu kosa hili halikomi duniani. Linawaadhibu wachache, tena baadaye, wakati hakuna anayeikumbuka ile homa.

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza uso kwa uso utanijibu, "Ni uchovu tu, baba," nami nitanyamaza, maana sipendi kugombana na mtu anayeondoka. Lakini juzi asubuhi ulipopanda kutoka mtoni na ndoo, ulisimama kwenye nguzo ya ua, ukaishika, ukajifanya unatazama ndege mtini. Hapakuwa na ndege. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ghala, nikaona jinsi shati lako lilivyokuwa likipanda na kushuka kifuani. Mafua yaliyokulaza hivi karibuni yamepita, hukohoi tena, unakula. Hata hivyo kijana aliyepona hasimami njiani kwa sababu ya ndoo moja ya maji.

Na kesho unataka kwenda Kitale kwa baiskeli. Umewaambia vijana wenzako kwamba chai ya mchana utainywa Kibomet, huko huko Kitale. Njia yote ile ni kupanda, kilima baada ya kilima, mpaka kwenye baridi ya Trans-Nzoia. Nakuomba usiende kwa baiskeli. Ombi langu ni hilo tu, na mengine yote nitakayoandika hapa ni sababu zake. Habari za blanketi, sabuni na kanisa atakuambia mama yako.

Kabla ya sababu zenyewe, niondoe jiwe moja njiani, maana najua utalikwaa. Utasema, "Baba ana wivu." Ni kweli, Simiyu, ninao. Unakwenda kukaa na ndugu yangu mdogo, Wekesa, akufundishe kuendesha lori na kulitengeneza, na tangu ahadi hiyo ije hapa nyumbani sisikii ila jina lake. Baba mdogo amesema hivi. Baba mdogo angecheka. Akija Krismasi unaliosha lori lake mpaka magurudumu, wala hujaombwa, na mama yako anachinja jogoo ambaye mimi nikimtaja Jumapili huambiwa bado hajakomaa. Nilikufundisha kusoma ukiwa umekaa juu ya goti langu, kwa kibao cha jiwe. Yeye alikufundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako ni nani aliyekufundisha mluzi.

Nina wivu mwingine, na huu ni juu yako wewe mwenyewe. Tangu kabla hujazaliwa sijawahi kupanda kilima bila kusimama. Nimefundisha watoto kuruka na kukimbia nikiwa nimekaa kitini na filimbi. Ukimfukuza ndama shambani mama yako hucheka kwa furaha, nami hugeuza uso, kwa sababu naona kitu nilichokuwa nacho kikichezewa na mtu asiyejua bei yake. Baba kumwonea mwanawe wivu wa pumzi si jambo la kusimuliwa mbele ya watu. Lakini mtu mwenye wivu wa namna hiyo akikukataza kupanda baiskeli, una haki ya kumshuku. Kwa hiyo nisikilize kama baraza la wazee linavyomsikiliza shahidi ambaye mpaka wa shamba lake nao umo katika kesi. Wazee hawamfukuzi. Wanayapima anayosema.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini miguu yangu huvimba jioni, nami nimekujibu kuwa ni mambo ya zamani. Sikiliza sasa mambo hayo ya zamani.

Miaka ile ng'ombe wa kulima walikuwa wachache. Nyumba kadhaa za ukoo wetu zilikusanya maksai wao, zikafanya kundi moja lenye plau moja, nalo likazunguka shamba kwa shamba kwa zamu. Zamu yako ikikupita, ulingoja mpaka kila mtu amalize, na mvua haikungoji. Tena tulikuwa na desturi yetu. Katika mtaro wa kwanza, mikono ya plau ilishikwa na mwenye shamba mwenyewe. Akishika mtu mwingine, basi mpaka mavuno watu walitania kwamba mahindi ni ya huyo aliyeshika. "Mahindi ya fulani yamechanua." "Kamwombe fulani akuruhusu uchome moja." Ulikuwa utani tu, lakini ulidumu msimu mzima, na ulikufuata mpaka sokoni Myanga.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka masomoni, mwalimu mpya, na mama yako alikuwa bi harusi hapa nyumbani. Mafua makali yakaingia katika vijiji vyetu. Yalinilaza vibaya: kichwa, mifupa, koo, homa ya kutetemesha kitanda. Ilipofika zamu yangu ya plau homa ilikuwa imeshuka usiku uliotangulia. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimelowa jasho, kifua kikinichoma kama nimemeza kaa la moto. Wekesa akaingia akiwa na mjeledi begani.

"Mwalimu, lala," akaniambia. "Nitakushikia plau."

"Watu waseme mahindi ni yako?"

"Si waseme tu! Wewe utakuwa unayala, mimi nitakuwa nayasikia kwa masikio. Nani ameshiba hapo?"

Nilikuwa karibu kucheka, Simiyu. Ningecheka, ningelala, na leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini alipotoka nje alisema neno ambalo sikulisikia, na mama yako akacheka kicheko kirefu. Kisha nikaisikia sauti ya babu yako akiwaambia majirani, "Huyu Wekesa ni maksai wawili kwa mkupuo mmoja. Yule mwingine tulimpa kitabu." Majirani wakacheka.

Nikavaa suruali nikatoka. Mama yako alinishika mkono. Nikautoa.

Nililima shamba lote. Mtaro wa kwanza peke yake haukunitosha. Kila mara Wekesa, aliyekuwa mbele ya ng'ombe, alipogeuka kuangalia kama nimechoka, ndivyo nilivyozidi kuishindilia mikono ya plau. "Mwalimu!" akapiga kelele. "Shamba si ubao, mtaro uliopinda hakuna wa kuufuta!" Watu wakafurahi. Mimi nilikuwa naona vinyota, na moyo ulikuwa ukipiga nje ya mahali pake, mara shingoni, mara tumboni. Nikamaliza. Babu yako akanipa mkono. Nikajiambia nimemshinda Wekesa na nimeishinda homa pia, kwa asubuhi moja.

Siku chache baadaye sikuweza kutembea mpaka chooni bila kupumzika. Nililala nimekaa, nimeegemea ukuta, kwa kuwa nikijinyoosha pumzi ilikata. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Moyo ulikimbia hata nikiwa nimetulia, kama kuku aliyefunikwa kikapuni akisikia mwewe. Babu yako akaenda kwa mganga, na mganga akampa jibu ambalo mganga yeyote angelitoa kwa familia yenye wana wawili: "Mtu wa damu yake anamwonea wivu."

Nani mwingine, kama si yule aliyeomba kushika plau?

Wekesa aliitwa mbele ya wazee. Alikana. Akaambiwa aape, akaapa. Akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie." Nilikuwa nimesoma, naam. Sikuamini maneno ya mganga hata kidogo. Lakini nilikuwa nimekaa pale kama gunia lililotoboka, naye amesimama na mabega yale, na niliona kwamba kwa mara ya kwanza macho ya babu yako kwake yamekuwa baridi. Nikasema nimechoka, naomba nirudishwe ndani. Hilo ndilo jibu nililompa. Kabla ya palizi alikuwa amekwenda Kitale, akawa kibarua katika shamba la mzungu, akipewa kipande cha ardhi cha kulima na kibanda. Huko ndiko alikojifunza magari. Watu hapa waliendelea kusema kwamba amekimbia aibu yake.

Kwa hiyo ona jinsi mambo yalivyogeuzwa. Wivu ulikuwepo kweli, mganga hakukosea. Alikosea kitanda tu: ulikuwa umelala na mgonjwa.

Miaka mingi baadaye, wewe ukiwa mdogo darasani, shule ilinituma Kitale nikapimwe, kwa sababu nilikuwa nimeanguka mbele ya wanafunzi. Daktari aliweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akasikiliza muda mrefu kama mtu anayesikiliza gari lenye hitilafu. Akaniambia moyo wangu umetanuka na umechoka. Akauliza kama nimewahi kuugua homa kali nikiwa kijana. Nikamsimulia habari za mafua na plau. Akaweka kalamu chini.

"Ulipumzika?"

"Mpaka homa iliposhuka."

"Na kifua?"

"Kilikuwa kinachoma. Nikadhani ni mafua yanatoka."

Aliniambia kwamba baada ya miaka mingi kiasi hicho hawezi kuapa, lakini kama angelazimishwa kubashiri, angebashiri hapo. Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe jinsi nilivyoelewa.

Kuna vijidudu ambavyo madaktari huviita virusi. Ni vidogo kupita vile vya kawaida vinavyoonekana kwa darubini. Mafua huletwa na aina moja, na ziko aina nyingine za kukohoa, za kuharisha, za koo, na hata zile zinazowapoozesha watoto miguu. Vingi huingia, vinasumbua, mwili unavishinda, na habari yake imekwisha. Lakini mara nyingine virusi hivyo husafiri na damu mpaka kwenye msuli wa moyo na kukaa humo. Usisahau kwamba moyo ni nyama, msuli kama ule wa paja. Virusi huuharibu, na mwili ukija kupigana navyo humo humo ndani, vita yenyewe nayo huuharibu. Msuli unavimba na kuwaka, kama kidole kilichochomwa na mwiba, ila kidole hiki kinatakiwa kuendelea kufanya kazi usiku na mchana. Na haya hutokea mara nyingi wakati mafua yenyewe yanaonekana yamepona. Paji la uso halijui habari za moyo.

Nilimwuliza, sindano hizi mpya za penisilini je? Akasema haziviui virusi, zinawafaa wadudu wa aina nyingine. Dawa yake basi? Akasema, "Kupumzika. Kupumzika kwa kweli, na si kwa siku mbili. Pengine kwa miezi."

Nikamwambia, na hapo alicheka kidogo, kwamba sisi tunaolima na ng'ombe tunalijua jambo hilo. Maksai akipata kidonda cha nira shingoni, bado anaweza kuvuta. Ukimpiga mjeledi atavuta. Atamaliza shamba lako lote, nawe utasema ni mzima. Lakini nira imeingia ndani ya kidonda, na ng'ombe huyo hatalima msimu mwingine. Mkulima mwenye akili anamfungua nira, anamwacha malishoni mpaka ngozi ifunge. Sasa, mkono unaweza kuufungua nira, ukautia ndani ya kitambaa ukaning'inia. Mguu vilevile. Moyo haufunguliwi nira hata dakika moja, tangu tumboni mwa mama mpaka kaburini. Kitu pekee unachoweza kuufanyia ni kuupunguzia mzigo: usikimbie, usinyanyue, usipande kilima kwa baiskeli. Ukiupunguzia mzigo wakati wa kidonda, mara nyingi hupona kabisa, na mtu haoni tofauti. Ukiupiga mjeledi, unaweza kusimama pale pale njiani. Usiposimama, unapona kwa kovu, na kovu halisukumi damu. Mimi nina kovu.

Nilipotoka kwa daktari nilipitia Kibomet. Nilijua nyumba ya Wekesa, niliiona kutoka barabarani. Lori lilikuwa uani, naye alikuwa chini yake, miguu tu ikionekana, akiimba. Mke wake alikuwa akimjibu wimbo kutoka jikoni. Nilikuwa na maneno kinywani, ya kumtoa ndugu yangu katika jina baya alilobeba miaka yote ile. Ningeweza kuvuka barabara. Nikaisikia ile sauti, imejaa pumzi, mtu anaimba amelala chali juu ya mchanga na hahemi. Nikaendelea kutembea mpaka stesheni. Nilijiambia nitamwandikia. Umesoma vizuri: hata baada ya kuujua ukweli nilipitiliza, kwa sababu alikuwa anaimba.

Nakuambia haya kwa sababu kule unakokwenda utakutana na vijana wenye nguvu kukushinda. Mmoja atainua gurudumu kwa mkono mmoja, na mzee fulani atasema, "Huyu ni maksai wawili." Sina la kukufundisha juu ya kutoona wivu, mimi sijaweza. Nimejifunza jambo dogo zaidi: wivu unaweza kukaa ndani yako maisha yote na usikuue, mradi usiuache ushike plau.

Yawezekana huna kitu. Yawezekana ulisimama kwenye nguzo kwa sababu ya uvivu, na mimi ni mzee mwenye hofu. Ningefurahi sana kuchekwa. Lakini kifua kikikuuma, ukikosa pumzi ukilala chali, moyo ukirukaruka, miguu ikivimba, au ukizimia hata mara moja, usingoje na usione haya. Mwambie baba yako mdogo saa hiyo hiyo. Na kwenye kazi usiguse spana wala jeki mpaka daktari wa Kitale akusikilize. Ni huko Kitale aliko, si hapa. Ndiyo maana sikukatazi kwenda. Ungekuwa ni wivu peke yake unaozungumza, ningekuambia ubaki nami.

Juzi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ya plau: nilimwomba Wekesa kitu. Yule mfanyabiashara wa Myanga anayepeleka ngozi Kitale alikuwa anaondoka, nikamwambia ampelekee ujumbe wa mdomo. Nilisema, "Mwambie kijana hawezi kuendesha baiskeli, kifua chake sikiamini. Namwomba aje amchukue na lori, ampeleke kwa daktari. Na mwambie kwamba daktari aliniambia zamani kuwa ugonjwa wangu ulitokana na ile homa. Mwambie nilipaswa kumweleza."

Amerudi leo mchana. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, akionekana kama mtu aliyebeba yai.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amecheka kwanza, mwalimu. Halafu akarudi chini ya lori lake, nikadhani ameudhika."

"Halafu?"

"Akasema, 'Mwambie mimi siku zote nilijua kwamba si mimi. Asubuhi niko hapo na lori.' Ati pia nikuambie lori lake halina mtaro wa kwanza. Yeyote anaweza kulishika."

Nilicheka, Simiyu, baada ya miaka yote hiyo. Kisha nikaanza kuona wivu tena, maana jibu lake lilikuwa zuri kuliko ujumbe wangu.

Utaisoma barua hii asubuhi, wakati lori litakuwa limeshafika na sote tuko uani. Mama yako atakuwa na jogoo wake. Wekesa atakuwekea mkono begani mbele yangu, nawe utacheka kile kicheko unachomwekea yeye, na mimi nitakuwa nimesimama kando. Usijali uso wangu. Nimeyataka mwenyewe, na nimeyaomba kwa mdomo wangu.

Vijana wenzako watakuwepo pia, watakuita mwanamke, watauliza baiskeli iko wapi. Waache waulize.

Asubuhi hiyo usinyanyue sanduku lako. Mwache baba yako mdogo alibebe mpaka kwenye lori.

Baba yako